Tunasifu Injini, Breki Tumezisahau

Naomba nafasi kidogo katika jarida letu nitoe hoja ambayo imenikaa kooni tangu likizo ya Aprili.

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wavulana wa darasa letu hukaa chini ya mkaratusi ulio karibu na maabara wakibishana kuhusu magari. Wimbo wao ni mmoja: V8. "Hiyo ndiyo gari, hizo zingine ni za watoto," husema. Siku moja niliwauliza hiyo V8 yao inaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Waliangua kicheko, na mmoja akaniambia niende nikahesabu sufuria. Siku hiyo nilinyamaza. Leo nimeshika kalamu.

Nianze na huyo mfalme wao. Mwaka 2007 Toyota ilitia injini ya dizeli ya V8, lita 4.5, katika Land Cruiser za mfululizo wa 70, na Waaustralia wakaipenda kupita kiasi. Nguvu yake ya kuzungusha, ile tuliyofundishwa Kidato cha Pili kwa mfano wa spana na nati, ni Nyutoni-mita 430. Mwishoni mwa mwaka 2023 Toyota ikaanza kuwauzia hao hao Waaustralia gari hilo hilo likiwa na injini ya silinda 4 tu, lita 2.8. Nguvu yake ni Nyutoni-mita 500. Uzito unaoruhusiwa kuvutwa haukubadilika: kilo 3,500. Sasa enyi wa mkaratusini, mfalme wenu amepitwa na kijana wa silinda nne, mnasemaje?

Najua watakalosema. Watasema lita 2.8 ina tabo, na vyombo vya elektroniki ambavyo fundi wa jua kali hawezi kuvifungua na nyundo. Hapo wana haki yao. Land Cruiser nyingi tunazoziona kwenye barabara za vumbi hapa nchini zina injini kuukuu ya lita 4.2, haina tabo, wala haifikishi Nyutoni-mita 300, na bado watu wanaitafuta kwa sababu ikizimika msituni mtu ataiamsha. Kuchagua injini si kuangalia lita wala nguvu peke yake. Lakini hata hilo silo lililonifanya niandike.

Mjomba wangu ana pikapu ya tani moja. Hununua viazi kwenye mashamba ya upande wetu wa Limuru na kuviteremsha kupitia Mai Mahiu hadi Suswa na masoko mengine ya barabara ya Narok. Zamani alikuwa na pikapu ndogo ya petroli. Ilikuwa ikipakiwa kupita kiasi inalia, inatoa moshi, inashindwa na mlima, na mjomba analazimika kushusha magunia mawili matatu kando ya njia huku akilaani. Mwaka juzi aliiuza, akakopa chamani, akanunua ya dizeli, lita 3, yenye tabo. Nakumbuka alivyorudi nyumbani akicheka: "Hii haijui mlima!" Wiki ya pili fundi alimwongezea vyuma viwili vya springi nyuma ili isikalie magurudumu.

Mlangoni imeandikwa kwa rangi nyeupe: mzigo kilo 1,000. Mjomba alikuwa akipakia magunia 10, na hesabu yake ilikuwa gunia moja ni kilo mia. Lakini ninyi mnaotoka nyumba za wakulima mnajua lumbesa ni nini. Gunia limeshonewa jingine juu, limevimba kama mtu aliyekula harusi mbili. Sheria ya viazi ya mwaka 2019 ilisema gunia lisizidi kilo 50. Sheria iko, na lumbesa iko, wanapishana njiani bila kusalimiana.

Siku hiyo ya Aprili nilikuwa nimekaa mbele na mjomba. Utingo wake alikuwa juu ya magunia. Barabara ile ya mteremko ni ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kanisa lao dogo lingali pale chini kando ya barabara. Tulikuwa bado hatujalifikia nilipoanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Mjomba alikanyaga breki, guu likashuka taratibu hadi chini kama aliyekanyaga tope. Akakanyaga tena. Hakusema kitu. Aling'ang'ana na gia mpaka ikaingia ya pili, injini ikapiga yowe, akavuta breki ya mkono, kisha akalielekeza gari kwenye ukingo wa mlima. Tulisimama tukiwa tumeinama upande. Utingo alikuwa ameruka. Alivunjika mkono mahali pawili.

Tulipoyapima magunia yale siku mbili baadaye, kumi yalikuwa na kilo 1,510.

Nimeifikiria sana siku ile, na nimefika mahali pamoja. Pikapu kuukuu ilikuwa mwalimu mkali. Ukizidisha mzigo inakukatalia pale pale mlimani, kabla hujafika kwenye hatari. Injini mpya yenye nguvu haikatai. Inapanda kimya, dereva anastarehe, naye anadhani mzigo ni mwepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa dereva siku hizi mzigo wa injini umekuwa mzigo wa mwenzake. Ukweli wote unamngoja kwenye mteremko, na kwenye mteremko injini si yenye kazi kubwa tena.

Nilifanya hesabu, mwalimu wa Fizikia atanisahihisha. Gari lenye uzito wa kilo 3,000 pamoja na mzigo, likishuka mita 100 za wima bila kuongeza mwendo, linatoa nishati ya joule milioni 3. Hiyo yatosha kuchemsha karibu lita 9 za maji yaliyokuwa nyuzi 20. Ongeza nusu tani ya lumbesa, nawe umeongeza lita moja na nusu nyingine, kila mita 100. Na mteremko ule una mamia ya mita. Injini ikiwa kwenye gia ndogo huchukua sehemu ya nishati hiyo, ndiyo maana wazee husema shuka na gia ambayo ungepandia. Mjomba alikuwa kwenye ya nne. Joto lote likaingia kwenye breki, mafuta ya breki yakachemka, na ukikanyaga mapovu hukanyagi kitu. Springi alizoongeza ziliinua matako ya gari tu. Breki hazikuongezwa hata kidole.

Huko Marekani, ambako watu huvuta mashua na nyumba za magurudumu nyuma ya pikapu, makampuni yalikuwa yakishindana kutangaza uzito wa kuvuta, kila moja ikijipimia yenyewe. Mwaka 2008 wahandisi wao walitoa kipimo kimoja kwa wote. Gari hupandishwa na trela lake kwenye mlima wa Davis Dam huko Arizona, zaidi ya kilomita 18, wakati wa joto, vipoza hewa vikiwa vimefunguliwa hadi mwisho, na lisipungue mwendo uliowekwa. Toyota ilikuwa ya kwanza kukubali, katika Tundra za mwaka 2011, na ikabidi ishushe tarakimu zake yenyewe. Wapinzani wake walikawia miaka kadhaa huku wakiendelea kutangaza tarakimu nono. Mimi nikiwa na pesa ningenunua kwa yule aliyeshusha.

Lakini hata wao mapenzi ya injini hayajawatoka. Ram waliiondoa V8 yao iitwayo Hemi katika pikapu ya 1500 ya mwaka 2025, wakaweka ya silinda 6 yenye nguvu zaidi. Wateja walinung'unika, na Hemi ikarudishwa kwa mwaka 2026. Watu wanapenda mngurumo. Wavulana wa mkaratusini si peke yao duniani!

Sasa kuna umeme. Wengine wanasema pikapu za dizeli zinakwenda zao, na kwamba viwanda vyetu vya kuunganisha magari vya Nairobi, Mombasa na Thika vijiandae. Mabasi ya umeme tayari yanabeba abiria Nairobi tangu mwaka 2022. Mimi nalipenda jambo moja katika magari hayo: yakishuka mlima, mota hugeuka jenereta, na lile joto lililounguza breki za mjomba hurudi betrini likiwa umeme. Kule chini ya ule ule mteremko, ng'ambo ya Longonot, kuna mvuke wa Olkaria unaotupa umeme tangu mwaka 1981. Mwenyezi Mungu ametupa mlima wa kushukia na moto wa kupandia.

Hata hivyo tusishangilie upesi. Mota ya umeme haina hata yowe la kutuonya. Itapanda na lumbesa kimya kama paka. Betri nayo ni nzito, na uzito wake unakula nafasi ya mzigo. Hilux ya umeme iliyoonyeshwa mwaka 2025 inabeba kilo 715 na kuvuta 1,600, wakati ndugu yake wa dizeli anavuta 3,500. Isuzu nao wana D-Max ya umeme inayobeba takriban tani moja na kuvuta 3,500, lakini ikijazwa betri haizidi sana kilomita 260, na hiyo ni bila trela. Kwa hiyo anayeuliza kama ya kesho ni dizeli au umeme, mimi namwuliza kwanza: mlangoni imeandikwa kilo ngapi? Na ningetaka wanaounganisha magari hapa kwetu waweke chombo cha kupima mzigo ndani ya kila pikapu, taa nyekundu iwake kabla gari halijang'oka shambani. Makampuni yameweza kuweka kengele ya mkanda wa usalama. Kilo zinawashinda nini?

Kuna mtu atauliza kwa nini sikumwambia mjomba. Jibu linaniaibisha. Karo yangu ya muhula wa kwanza ililipwa na zile kilo 510 za ziada, safari baada ya safari. Nilijua, nikanyamaza kwa sababu sikutaka kurudishwa nyumbani.

Sasa mjomba hubeba magunia 20 ya kilo 50, na baadhi ya wanunuzi wa Suswa wamemhama kwa sababu wanataka lumbesa. Mama analipa karo vipande vipande. Utingo mkono umeunga, ila kidole kimoja hakikunjiki.

Zile springi mjomba alizitoa. Wiki iliyopita jirani yetu mwenye pikapu mpya alikuja kuuliza kama zinauzwa, na mjomba akamwambia azifuate Jumapili. Jumamosi usiku nilizihamishia nyuma ya banda la kuku, nikazifunika kwa magunia. Bado wanazitafuta. Bwana Mhariri, tafadhali jarida likitoka, usimpe mjomba nakala.