MAONI YETU: UFA HUONWA KWANZA NA MFANYA KAZI



Huko Ulaya kuna mkutano wa mabingwa uitwao ESREL. Mainjinia na walimu wa vyuo vikuu kutoka nchi nyingi hukutana humo kujadiliana jinsi mitambo, madaraja na majumba yanavyoweza kutegemewa, na jinsi ya kuipima hatari kabla haijaleta msiba. Pengine ndugu mmoja atauliza, "Mambo hayo ya wenye digrii yanatuhusu nini sisi?" Tunamjibu: yanatuhusu sana, maana hesabu zao zikikosewa au zikidharauliwa, anayezikwa ni mfanya kazi.

Tukumbuke jengo la Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka katika Bangladesh. Lilikusudiwa kuwa la maduka na ofisi, kisha likatiwa viwanda vitano vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana. Injinia aliitwa, akatazama, akasema jengo si salama. Benki iliyokuwa chini iliwaambia watu wake wasirudi. Lakini kesho yake wafanya kazi wa nguo waliamriwa waingie, na wengine walitishwa kwamba wasipoingia watanyimwa mshahara. Wakaingia. Umeme ulikatika, majenereta makubwa yaliyokuwa ghorofa za juu yakawashwa, na jengo likaanguka. Watu 1,134 walikufa.

Tutazame vema jambo hili. Elimu haikukosekana. Ufa ulionekana, na injinia alisema. Kilichokosekana ni chama cha kumlinda mfanya kazi aliyetaka kusema, "Leo siingii." Karani wa benki aliweza kukaa nyumbani, mshona nguo hakuweza.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo vyama vya wafanya kazi na makampuni ya nguo ya ng'ambo vilitia sahihi mapatano yenye nguvu ya sheria. Mainjinia wasio watu wa mwenye kiwanda wakakagua viwanda zaidi ya 1,600, taarifa zao zikatangazwa wazi, na mfanya kazi akapewa haki ya kukataa kazi ya hatari. Hapo ndipo hesabu za mabingwa zilipopata meno.

Je, sisi Kenya? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe mahali pale mpaka hatari iondolewe. Tena, ni marufuku kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya usalama.

Basi, ndugu, uliza kazini kwako: kamati iko wapi? Ilikutana lini? Ukiona ufa, waya uliochunika au mashine isiyo na kinga, andika siku na mahali, umpe msimamizi, na nakala umpe mjumbe wa chama.

Na kwa mabingwa tunasema hivi: mnapokutana kupima hatari, mwiteni pia yule anayeishika mashine kila siku.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliozikwa Rana Plaza hawakupata nafasi ya kujenga tena.