Beseni la Rejeta Lisirudi Jikoni

Mama mpenzi, mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi wetu huwaachia akina baba: kusafisha rejeta iliyotumika.

Tulinunua moja kwa ajili ya gari letu, nayo ilikuwa na mafuta na kutu ndani. Tulimwaga maji ya zamani kwenye beseni, tukaijaza maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, tukaiacha kwa muda. Kisha tuliisuuza kwa mpira, maji yakiingia chini na kutokea juu. Tulirudia mpaka yakatoka safi, bila mafuta.

Tulipogeuka, mtoto wetu wa miaka 3 alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, kidole kikielekea mdomoni. Tulimwahi.

Dawa inayochanganywa na maji ya rejeta mara nyingi huwa na ethilini glaikoli. Ni tamu, tena ni sumu. Aliyeinywa huweza kuonekana kama mlevi na kutapika. Baadaye figo huharibika. Usimtapishe, wala usingoje dalili. Mkimbize hospitali mara moja, ukichukua na chupa ya dawa hiyo.

Kwa hiyo, mama, maji hayo yasitiwe kamwe kwenye chupa ya soda, wala yasimwagwe uani wanakocheza watoto. Yatie kwenye dumu lenye kifuniko na alama, uulize gereji kama watayapokea. Na beseni lile libaki la gari tu. Letu tumelitoboa, lisije likarudi jikoni kwa kusahau.