Rangi inayogeuka haiwezi kushitaki mtu

Tunachukua kalamu kusudi tuseme juu ya kile kikopo cha rangi ya mashavu ambacho kilivuruga interna ya wasichana mwezi wa kumi. Wengi wanafikiri habari ile imekwisha, sababu kikopo kimenyang'anywa na kufungwa ndani ya kabati. Kwetu haijakwisha. Kuna mwanafunzi mmoja ambaye jina lake liliharibiwa, na sisi makapita tulikuwa kati ya wale walioliharibu.

Kwa ninyi wa eksterna ambao hamkuona, mambo yalikuwa hivi. Kikopo kilitoka soko. Ndani yake mna kitu kama vazelini, kinaangaza, hakina rangi. Mtu akijipakaa shavuni, kisha dakika moja ao mbili ngozi inageuka waridi. Mama aliyeuzisha alisema kwamba ile rangi inasoma ngozi: kila mutu atapata yake, kufuatana na damu yake. Basi siku ya posho jioni wasichana saba wakajipakaa ndani ya dortwari. Sita wakapata waridi kidogo tu. Wa saba, mashavu yakawaka kama pilipili mbivu.

Pale ndipo maneno yalianza. "Damu yake haiko muzuri." "Huyu iko na asidi mingi." Mwingine, na huyu anajijua, akasema kwamba rangi kali ni alama ya msichana ambaye amekwisha kujua wanaume. Kufika siku ya kwanza asubuhi, neno lilikuwa limevuka mpaka kwa wavulana, na kwenye rekreasio wakamtungia jina ambalo hatutaliandika hapa. Dada yetu akajisugua na sabuni ya kufulia na kitambaa kigumu mpaka ngozi ikachubuka. Rangi haikutoka. Siku mbili hakuingia darasani.

Na sisi, ambao shule ilitupa kazi ya kulinda amani, tulifanya nini? Tuliandika jina lake peke yake kwenye orodha ya nidhamu, juu rangi yake ndiyo ilionekana. Wale sita hatukuwaandika. Tunayasema haya mbele, kusudi msiseme kwamba tunahubiria wengine na sisi tuko wasafi.

Wiki iliyofuata tulikwenda kumuuliza mwalimu wetu wa shimi kama kweli rangi inaweza kujua damu ya mtu. Hakucheka. Alituuliza swali tu: "Fenoleftaleini mliisahau?" Hatukuisahau. Ni ile dawa ya laboratwari ambayo ndani ya asidi haina rangi, na ukiongeza soda mpaka asidi inakwisha, mara moja inakuwa waridi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kusema kwamba soda ile ina dhambi.

Basi, rangi ya kikopo ni ya ukoo uleule. Mwaka wa 1871 Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza fluoreseini. Mwaka wa 1874 Heinrich Caro alitia bromi juu ya molekuli ile na akapata eozini, rangi ya waridi yenye jina linalotoka kwa Eos wa Wagiriki wa kale, ndiyo kusema mapambazuko. Eozini si mgeni kwetu. Kila mmoja wetu aliyetobolewa kidole kwa gute epesi kusudi watafute malaria, damu yake ilipakwa dawa ya Giemsa, na ndani ya Giemsa mna eozini. Kwenye vipodozi vinavyogeuka, mara nyingi ndiyo hiyo, ao ndugu yake mwenye bromi na klori pamoja. Kwenye makaratasi ya vikopo vinavyotengenezwa vizuri zinaandikwa kwa nambari: CI 45380 ni eozini, CI 45410 ni yule ndugu. Kikopo chetu hakikuwa na karatasi yoyote, na jambo hilo tu lilitosha kutuonya, kuliko mashavu ya mtu.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya mafuta hakuna maji. Molekuli imejifunga kama pete, na ikijifunga hivyo haina rangi. Ikikuta maji, na maji yale si asidi kali, pete inafunguka na rangi inatokea. Ni hayo tu. Ngozi ina jasho na unyevu wake, kwa hiyo mafuta yakikaa shavuni yanakutana na maji polepole. Ndiyo sababu waridi inachelewa, na ndiyo sababu mtu asiye na saburi anajipakaa mara ya pili na ya tatu akisema, "Mbona haionekani?"

Lakini mtauliza: asidi ya ngozi je? Ni kweli, ngozi ina asidi kidogo. Mwaka wa 1928 waganga wawili Wajerumani, Schade na Marchionini, waliiita joho la asidi, kwani inafunika mwili na kusaidia kuzuia vijidudu. pH yake ni karibu 5, kwa wengine chini kidogo, kwa wengine juu mpaka 6. Lakini eozini ikiwa ndani ya maji inafunguka tayari karibu na pH 4. Fanyeni hesabu wenyewe. Sisi wote tuko juu ya mstari ule. Ngozi ya mchungaji, ngozi ya mwizi, ngozi ya mtoto mchanga na ya mama wa watoto wanane, zote zinatoa waridi. Tofauti ndogo ya pH kati ya mtu na mtu haiwezi kuzaa rangi nyingine, wala kutoa habari za mwenendo wake.

Hatukutaka kuamini kwa maneno tu. Mwalimu akatufanyia jaribio kwa mafuta ya kikopo kilekile. Alipakaa kidogo juu ya sahani nyeupe kavu: hapana rangi. Akatia tone la maji na kuchanganya kwa kidole: waridi ikaja. Pembeni akatia maji ya ndimu, ambayo ni asidi kali kweli: ikabaki hafifu, karibu haina kitu. Mwisho akatia maji ya sabuni, na waridi ikalia kabisa. Kisha wanafunzi kumi walijitoa, wasichana watano na wavulana watano, wakapakwa mikononi. Kumi wote waridi. Mvulana mmoja aliyetoka kucheza mpira na jasho lake alipita wengine wote kwa ukali wa rangi, na hakuna aliyethubutu kumtungia jina. Wenye ngozi nyeusi sana ilionekana kidogo, wenye ngozi ya maji ya kunde ilionekana sana, sababu waridi inakaa juu ya rangi ambayo mtu anayo. Na ngozi kavu yenye magamba inakamata zaidi.

Sasa turudi kwa dada yetu. Jioni ile zamu ya kuosha sahani ilikuwa yake. Aliingia dortwari uso ungali na maji. Taa ilikuwa dhaifu kama kawaida (juu ya taa zile tutaandika siku nyingine), hakuona kitu, akajipakaa mara tatu. Ndiyo siri yote ya "damu mbaya": maji ya sahani na taa mbovu.

Na sabuni? Hapa moyo unatuuma zaidi. Sabuni ya kipande ni bazi, pH yake ni 9 ao 10. Pamoja na maji, inaifungua rangi badala ya kuizima. Kila alipojisugua kwa hofu aliizidisha, na watu waliokuwa wanamwangalia wakasema, "Muone, haitoki, ni ya ndani." Si ya ndani. Rangi hii inashika ile ngozi ya juu kabisa iliyokwisha kufa, na inakwenda nayo ngozi ile ikijitoa yenyewe siku kwa siku. Ingefaa kupangusa kwa mafuta kwanza, taratibu, kisha kuacha. Kuna watu pia ambao eozini inawawasha ao kuwavimbisha, zaidi midomoni na penye jua. Huyo asijipakae tena, basi. Hakuna la kumlaumu.

Tusimwonee mama wa soko. Maneno yake si yake. Marekani, katika miaka ya 1920 na 1930, waliuzisha ruji iliyoitwa Tangee, ambayo kijitini ilikuwa ya rangi ya machungwa na mdomoni ikageuka waridi, na matangazo yake yalisema kwamba inageuka kufuata mwenye kuivaa. Karibu miaka mia imepita na wimbo ni uleule. Kila mtu anapenda kusikia kwamba kuna rangi moja duniani iliyofanywa kwa ajili yake peke yake, na kwa maneno hayo anatoa feza. Hapo hasara ni feza tu. Lakini pale tulipogeuza neno la biashara kuwa ushahidi juu ya msichana, hasara ikawa nyingine.

Tunajua watakaosema, "Makapita sasa wanatetea kujipodoa." Hapana. Kanuni ya shule inakataza vipodozi kwa mtu aliyevaa blu-blan, tunaikubali na tutailinda. Lakini kanuni inasema vipodozi, haisemi waridi kali. Waliojipakaa ni saba. Ama saba wote wanaandikwa, ama hakuna anayeandikwa. Kuchagua mmoja kwa sababu ngozi yake ilikuwa na maji si nidhamu. Tena kuna jambo linalotushangaza: wenzetu wanaojipakaa mafuta ya hidrokinoni kusudi wawe weupe, dawa ambayo kweli inaweza kuharibu ngozi ya mtu kwa miaka, hao tunawaita warembo. Aliyepata waridi ya siku chache, huyo tukamwita kwa jina la aibu.

Kwa hiyo tumeandika barua kwa mkuu wa nidhamu, na tunaomba mambo mawili yajulikane kwa wote. La kwanza, pointi za konduite alizokatwa dada yetu zirudishwe, ao zikatwe kwa saba wote sawasawa. Yeye mwenyewe alipotuona alisema anapenda zikatwe kwa saba, yaani hakuomba kuhurumiwa. La pili, tuliandika kwamba sisi makapita tulikosa, na kwamba tutasema hivyo kwa midomo yetu kwenye mkusanyiko wa asubuhi, yeye akiwepo kama atapenda kuwepo. Walioanzisha lile jina tumewaomba wafanye vilevile. Wawili wamekubali. Watatu bado "wanafikiri".

Kikopo bado kiko kabatini. Tumeomba Bwana Prefe atupe ruhusa kukitoa kwa saa moja siku ya posho ijayo, ndani ya refektwari, mwalimu wa shimi akisimamia. Kila darasa lilete ndimu moja na kipande cha sabuni. Watakaopakwa wa kwanza ni wale wavulana wenye kufikiri, na viti vyao vya mbele tumekwisha kuviweka.

Kapita mkuu, darasa la mwisho, kwa jina la makapita wote