Wadogo Kati ya Wakubwa

Katika ziwa letu la Tanganyika yumo samaki ambaye wataalamu humwita Altolamprologus compressiceps. Mwili wake ni mwembamba kama ubao, hata aweza kupenya katika nyufa za mawe. Anatafuta nini humo? Anatafuta kamba wadogo waliojificha. Samaki huyo hana uovu. Ana njaa tu, naye Muumba amempa umbo la kujipatia chakula.

Yafaa neno hilo likumbukwe na kila atakaye kufuga kamba pamoja na samaki katika tangi la kioo, shuleni au nyumbani. Wengi hudhani ya kuwa samaki wakishibishwa watamwacha kamba kwa amani. Wanajidanganya. Kiwezacho kuingia mdomoni mwa samaki, siku moja kitaliwa. Kamba mwekundu afugwaye sana, ambaye asili yake ni Asia ya Mashariki, ana urefu wa sentimeta 3 hivi tu, na wanawe watokapo mayaini ni wa milimeta chache mno. Basi chagueni samaki wenye midomo midogo, tena wachache.

Maficho yatangulie, samaki wafuate. Wekeni mawe, mizizi na majani ya majini yaliyosongamana, kisha waacheni kamba wazoee majuma kadhaa. Mdomo wa chujio ufunikwe kwa sponji, wasije wakavutwa ndani. Maji ya bomba yenye klorini yasitiwe kabla ya kuondolewa dawa hiyo. Na kamba wageni wazoeshwe maji mapya tone kwa tone, kwa muda wa saa moja au mbili.

Tena, kamba hukua kwa kujivua gamba. Siku hiyo mwili wake ni laini, hana silaha yoyote, naye hujificha mpaka gamba jipya ligande. Asiye na pa kujificha wakati wa kukua, haishi.

La mwisho ni shaba. Sisi watu wa Katanga twaijua shaba kuwa utajiri. Lakini kwa kamba, kiasi kidogo kilichozidi katika maji ni sumu, na baadhi ya dawa za samaki zimetengenezwa kwa shaba. Someni karatasi ya dawa kwanza, kwa maana dawa imponyayo mkubwa yaweza kumwua mdogo.

Enyi wazazi, tuyatazame sasa makao yetu. Nyumba nyingi zimepokea wana wa ndugu waliofariki, nao wanakula sinia moja na vijana wenye nguvu. Wakubwa hao wanaweza kuwa watoto wema, wasali asubuhi na jioni, na bado mdogo akalala na njaa. Yatosha kwamba hakuna aliyemtengea sehemu yake. Vivyo hivyo adhabu imrekebishayo kijana shupavu yaweza kumvunja moyo yatima aliyefika juzi.

Kuwakemea wakubwa kila siku kunachosha, wala hakudumu. Mtengeeni mdogo sahani yake, mkeka wake na saa yake ya kusikilizwa, kabla sinia halijawekwa chini. Mwenye nyumba ndiye apangaye maficho, naye ndiye atakayeulizwa habari za wadogo.