VITA VYA PANZI, ULAJI WA KUNGURU

Ndugu yangu wa kijiweni, weka chini kikombe cha kahawa unisikilize. Wazee walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Leo umjue kunguru huyo kwa jina.

Marekani ilipoivamia Iraq mwaka 2003, haikupeleka jeshi peke yake. Ilipeleka na makampuni. Blackwater ilikodiwa kuwalinda wanadiplomasia wake. Mwaka 2007 kamati ya Bunge la Marekani ilifichua kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikiitoza serikali dola 1,222 kwa mlinzi mmoja. Kwa siku, si kwa mwezi!

Sasa sikia ya mtu mweusi. Kuanzia mwaka 2005 makampuni mengine yalizoa maelfu ya vijana wa Uganda kulinda mageti ya kambi za Wamarekani huko huko Iraq. Mwanzoni walilipwa kama dola 1,000 kwa mwezi. Miaka michache baadaye wengi walipewa 600 tu. Makampuni yaligombea tenda kwa kushusha bei, na bei ikishuka anayekatwa ni mlinzi, si bosi.

Na damu je? Septemba 16, 2007, uwanja wa Nisour mjini Baghdad, walinzi wa Blackwater walimimina risasi kwenye foleni ya magari. Raia 17 walikufa, akiwemo mtoto wa miaka tisa. Mahakama ya Iraq haikuwa na ubavu wa kuwagusa, maana Paul Bremer, mtawala aliyewekwa na Marekani, alikwishasaini amri ya kuwakinga watu wa makampuni wasishitakiwe kwa sheria za nchi hiyo. Wanne walitiwa hatiani Marekani mwaka 2014. Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe wote. Kampuni nayo ilijiita Xe mwaka 2009, kisha Academi mwaka 2011. Nyoka kavua gamba, sumu ile ile!

Utasema hayo ni ya Waarabu, yako mbali na Manzese. Mbali wapi? Mwaka 2022 Mtanzania mwenzetu aliyekuwa mfungwa huko Urusi aliuawa Ukraine akiipigania kampuni ya Wagner, baada ya kuahidiwa fedha na uhuru wake.

Kwa hiyo akija wakala na fomu za "ulinzi ng'ambo", usione dola tu. Muulize: mwajiri wangu hasa ni nani? Kesi yangu itasikilizwa nchi gani? Nikikatika mguu, nani ananilipa? Kama ni kazi ya serikali ya Marekani, sheria yao ya mwaka 1941 inamlazimisha mwajiri kukukatia bima, hata kama wewe si raia wao. Wapo Waganda waliorudi na majeraha wakasota miaka wakiidai.

Wakala akibabaika kujibu, mrudishie fomu yake hapo hapo.