Gobore la Babu Halitaki Tupa

Kijana akirithi gobore la babu yake, neno la kwanza asemalo ni hili: Lipelekwe kwa fundi ling'arishwe. Na fundi mwenyewe kazi yake ni vitanda! Hukwangua mtutu kwa tupa hata uwe mweupe kama sahani, akapaka kitako vanishi, na watu wakasifu. Mimi nasema huko si kutengeneza, ni kuharibu.

Ziko bunduki zilizofanywa Birmingham na Liège, zikashushwa pwani, zikapanda bara kwa njia ya misafara ya Pangani, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Semboja wa Mazinde alipata nguvu kwa silaha za njia hiyo, katika vita vya ukoo wa Kimweri, baada ya mfalme huyo kufa mwaka 1862. Aghalabu vialama vidogo karibu na mtambo hutaja mji ulikofanywa mtutu na nyumba ilimojaribiwa. Tupa ikipita mara tatu, habari hiyo imekwisha, wala hakuna karani wa kuiandika tena.

Hunijibu, Kisichong'aa ni uchafu. Je, magofu ya Tongoni nayo tuyapake rangi? Kutu ni adui, nakubali; walakini weusi wa chuma kilichozeeka si kutu. Kutu huondoka kwa mafuta na kitambaa kigumu, kwa subira ya siku nyingi. Kitako chatosha mafuta ya kitani kidogo kidogo. Hata jani la msasa ni kali mno kwa chale alizochora mzee kwa kisu chake.

Wabaya zaidi ni wale watakao lilie tena. Mtutu ule ulifanywa kwa baruti nyeusi, nao umeliwa na kutu kwa ndani, jicho lisikofika. Ukitiwa baruti ya siku hizi huweza kupasuka usoni pa mpigaji. Tena huenda baruti ya babu ingali tumboni mwake. Tia ufito mtutuni polepole, kisha upime kwa nje: ukikoma kabla ya kufika penye mtambo, acha papo hapo, usilete moto wala nyundo.

Wala lisifichwe darini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mrithi kukaa na bunduki bila leseni. Aende polisi kwanza, kabla ya mafuta na kitambaa. Na akishuku kuwa limeshindiliwa, aende mikono mitupu, awaombe waje wenyewe kulichukua.