Nota zetu zichapishwe

Muziki wa nota si mali ya Ulaya pekee. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ilichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, ikautumia kutunga wimbo wa taifa letu, Kenya. Baadaye Arthur Kemoli alizipangia kwaya nyimbo za jadi. Mimi niliimba mipangilio ya aina hiyo kwenye tamasha la shule hapa Nakuru, kwa karatasi zilizorudufishwa mpaka nota zikafifia. Walimu wa muziki wa Nakuru, Njoro na Naivasha, kusanyeni kazi hizi mzichapishe. Nota isiyochapishwa hupotea na mwenyewe.